Maiti Usicheze

Watu wakiniuliza nilisomea wapi kuigiza, huwa wanategemea nitaje chuo. Najibu Katumba, kanisani, Ijumaa Kuu. Nilikuwa mrefu kuliko wavulana wote wa parokia, kwa hiyo paroko akaona nafaa kuwa askari wa Kirumi. Nikapewa mpini wa jembe uwe mkuki, na bakuli la bati kichwani. Aliyekuwa Yesu ni fundi cherehani mmoja mpole, na mimi kwa kuwa niliambiwa nimpige, nilimpiga. Alipoanguka mara ya pili hakuinuka upesi. Aligeuka akaniambia kwa Kirundi nipunguze mkono, ana watoto wanamngoja nyumbani. Umati ukacheka mpaka paroko akajiziba uso kwa kitabu cha sala. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshaamua kwamba sitalima tumbaku maisha yangu yote.

Katumba ni makazi ya wakimbizi, ingawa mimi sikuwahi kukimbia kitu. Nilizaliwa palepale, miaka michache baada ya mama kufika kutoka Burundi, alipokimbia mauaji ya mwaka 1972. Baba naye alikuja na msafara wa watu haohao. Walikutana kambini, wakaishi pamoja kidogo, kisha akahamia makazi mengine, Mishamo, akaoa mwingine. Nikabaki na mama, mtoto wake wa pekee, au hivyo ndivyo nilivyojua. Ukimwuliza alikuja na nani, alijibu, "Na miguu yangu." Ukiendelea kuuliza, anakupa ndoo. Nimechota maji mengi sana utotoni kwa sababu ya maswali ya namna hiyo.

Harusini mama hakucheza. Alikaa na wenzake wa rika lake, mikono mapajani, wakitazama sisi tunavyoruka. Nilidhani ni haya, au ni dini. Wanawake wengi wa umri wake walikuwa hivyo, kwa hiyo hata sikuona ajabu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini wakaja watu wa afya wakaunda kikundi cha maigizo. Tuliigiza kuhusu choo, kipindupindu na ukimwi, na kila igizo lilikuwa na mjinga mmoja, mwerevu mmoja, daktari na ngoma ya kufungia. Wenzangu waligombea kuwa mwerevu. Mimi niligombea kuwa mjinga, kwa sababu mwerevu hana kazi, anasimama tu anahubiri, mjinga ndiye watu wanayemkumbuka mpaka nyumbani. Wakimbizi hatukutoka makazini bila kibali, lakini kikundi kilipewa, na tukawa tunapanda lori kwenda kuigiza Mpanda mjini. Pale mtaa wa Majengo nilicheza mke mdogo anayemtilia mwenzake sumu. Wiki iliyofuata muuza nyanya alikataa kuniuzia. "Kanunue huko unakonunua sumu," aliniambia. Sijawahi kupata sifa iliyonifurahisha kuliko ile, na nyanya nilizipata kwa jirani yake.

Siku nyingine lori lilitupeleka mpaka Ziwa Tanganyika, Kapalamsenga na Karema, barabara inakupiga mgongo njia nzima. Wanasema mcheza kwao hutunzwa, lakini mimi nilitunzwa ugenini. Wavuvi wa Karema walinijazia migebuka mikavu kwenye khanga kwa sababu nilikuwa mlevi mzuri. Mama aliila ile migebuka kwa wiki nzima huku akinisema. Kazi gani hiyo ya kujifanya mlevi mbele za watu, mwanamume gani atakuoa. Akimaliza kusema anaomba ubavu mwingine. Mwisho akaniwekea sharti moja tu, akiwa anafua, wala hakunitazama.

"Cheza malaya. Cheza mlevi. Ukitaka cheza shetani mwenyewe," alisema. "Maiti usicheze."

Nikakubali. Haikuwa shida, maana kwenye maigizo ya choo wanaokufa hufia nje ya jukwaa.

Katikati ya miaka hiyo wakaja watu kutoka Dar es Salaam na Land Rover, jenereta na kamera ya kubeba begani. Walitaka kutengeneza picha kuhusu uzazi, ya kuonyeshwa kwa gari la sinema vijijini na kwenye televisheni, ambazo ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza huko kwao. Bosi wao alikuwa kijana mwembamba mwenye suruali ya mifuko mingi, kila mtu akimwita dairekta. Aliniona Majengo nikiigiza, akaniita pembeni akasema mimi ndiye mhusika mkuu. Kisha akaongeza kwamba picha ikipendeza kuna kazi nyingine Dar, tamthilia ya kila wiki, na wanahitaji sura mpya. Nilimsikiliza kwa utulivu mkubwa. Nilipofika nyuma ya duka la mashine ya kusaga nikaruka peke yangu kama mwehu.

Kulikuwa na tatizo moja. Yule mwanamke wa kwenye picha anachelewa kwenda kliniki kwa sababu mume na mama mkwe wanamzuia, na anakufa. Anakufa katikati ya picha, na msiba wake ndio kiini cha picha yote.

Nilimkuta mama anachambua maharagwe.

"Nimepata picha kubwa, mama."

"Unacheza nini?"

"Mama mjamzito."

"Anazaa nini?"

"Hazai."

Mikono yake ilisimama kwenye ungo. "Basi hapana," akasema, akaendelea kuchambua.

Nilipiga kelele siku ile. Nilimwambia ni uongo mtupu, ni unga wa muhogo tu usoni, na nikishamaliza nainuka nakula kama kawaida. Nilimwambia nimengoja kitu kama hiki tangu nivae lile bakuli la bati. Nilimwambia yeye mwenyewe anataka nioze kwenye tumbaku. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, na hiyo peke yake ilinitisha.

"Ni uchuro, mwana wanje," alisema. Hivyo ndivyo alivyoniita kwa Kirundi akiwa hana hasira, mwanangu. "Unajilaza chini, watu wanakulilia. Kifo kinapita barabarani, kinasikia msiba. Kinajiuliza, kumbe hapa nilishapita? Kinaingia kuangalia."

Siku kadhaa hatukusemezana ila kwa mambo ya chumvi na kuni. Dairekta alituma mtu mara mbili kuniuliza jibu. Nilijua akituma mara ya tatu itakuwa kunijulisha wamepata mwingine, na huyo mwingine nilimjua, alikuwa wa kikundi chetu, mfupi, na hajui kunyamaza mbele ya watu.

Aliyetuokoa ni jirani yetu, mwanamke wa rika la mama aliyekuja naye kutoka Burundi. Alikuja kuazima kinu, akakaa, akaanza habari. Akasema amesikia dairekta anakusanya wanawake wa Majengo waje kulia kwenye msiba wa picha, kila mmoja kwa soda na skonzi.

"Wa Majengo?" mama akauliza. "Wanamjua huyu?"

"Wamjue wapi? Wanalia tu."

Mama akanigeukia kama mtu aliyetukanwa. "Nyie mna akili kweli? Mtoto wangu alale chini, aliliwe na watu wa soda?"

"Ndivyo wanavyofanya kwenye picha, mama."

"Watakulilia vibaya," akasema. Hilo lilimuuma kuliko uchuro wenyewe. Kesho yake akajitanda khanga mpya, akaenda mwenyewe kwa dairekta kutoa masharti. Msiba ufanyike Katumba. Walie wanawake wetu, yeye atawaleta. Jeneza hapana, na kaburi hapana hata la kuigiza. Dairekta, aliyekuwa anahesabu soda kichwani, alikubali kabla mama hajamaliza.

Siku ya kazi walinipaka unga na poda, wakanilaza kwenye mkeka sebuleni kwa jirani, shuka jeupe mpaka kidevuni. Jenereta waliiweka mbali ili isiingie kwenye sauti. Kijana wa sauti alikuwa na kinasa sauti kirefu chenye manyoya mwishoni, na mwanamke mmoja aliuliza kwa nini wanaleta paka aliyekufa msibani. Kisha wale wa mama wakaanza kuingia, na dairekta akachanganyikiwa. Kila mmoja alikuja na kitu. Unga wa muhogo kwenye beseni, maharagwe, mzigo wa kuni, dumu la maji. Aliwaambia haikuhitajika, ni picha. Walimwangalia kwa huruma. Kwetu hakuna mtu anayeingia msibani mikono mitupu, na wao waliambiwa waje msibani.

Aliwapanga ukutani, mama karibu na kichwa changu. Akaeleza kwamba mama ataanza, wengine watafuata, na akisema "kata" wote wanyamaze. Kwangu akainama akaninong'oneza nisipumue kwa kifua, na nikitikisika tu tutarudia yote tangu mwanzo. Nikafumba macho. Nikasikia "Anza."

Mama hakuanza.

Nilisikia kuku nje, na mtu anakohoa. "Mama, lia sasa," dairekta akasema kwa adabu.

"Ngoja," mama akamjibu.

Kisha akaita jina. Aliliita kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwita mtoto aje kula. Halikuwa jina langu. Kwa Kirundi akasema, nilidhani uko nyuma yangu. Nilifika mtoni nikageuka, nilidhani uko nyuma yangu. Akaliita tena, na hapo sauti ikamkatika, akaanza kulia. Mimi mama yangu sikuwahi kumsikia akilia. Sikuijua ile sauti, na kama ningekuwa barabarani ningedhani ni ya mtu mwingine. Akaita jina la pili, la msichana. Akamwomba msamaha kwa ajili ya mlango. Mpaka leo sijui ni mlango gani.

Yule jirani akaanza naye, lakini hakunililia mimi wala hao wa mama. Alimwita mumewe. Mwingine akawaita wazazi wake wote wawili pamoja, kama wanavyoitwa watu waliokaa chumba kimoja. Chumba kizima kikajaa majina, kila mwanamke na wake, na mimi katikati nimelala na unga usoni.

Nilitaka kufumbua macho nimshike mama. Sikuweza. Lakini siwezi kusema nilimwogopa dairekta na marudio yake. Niliogopa kwamba nikiinuka watakumbuka ni picha, wataona haya, watanyamaza, na hakutakuwa na siku nyingine. Nimefanya kazi hii miaka mingi baadaye, na mpaka leo naona kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ile, kulala tu. Nilibana pumzi. Machozi yalinitoka hivyohivyo, yakapita kwenye unga yakaingia sikioni.

"Kata," nikasikia. Maiti alikuwa analia, picha imeharibika. "Kata! Kina mama, kata!"

Nilidhani hakuna aliyemsikia. Akasema mara nyingine, halafu akaacha. Baadaye yule wa kamera aliniambia kwamba aliishusha begani akaizima, kwa sababu aliona anachungulia. Nje walikuwa wamefika wanaume na majembe. Walisikia vilio kutoka mashambani, hawakuwa na habari za sinema, wakaja kuchimba. Dereva wa Land Rover, mtu mzima wa pwani, aliwafuata akavua kofia yake, akawaambia kwa upole kwamba hakuna kaburi. Wakakaa chini na majembe yao, wakangoja. Hakuna aliyeondoka.

Jua lilipolala upande, wanawake walinyamaza mmojammoja, kila mtu kwa wakati wake. Walitoka nje wakanawa mikono kwa maji ya yale madumu, kama watu waliotoka kuzika. Kisha wakasonga ugali. Watu wa Dar walikula, na dereva akasema polepole, "Kufa kufaana," halafu akajuta akatazama chini, lakini mama alicheka. Alicheka kweli, macho yamevimba, akamwongezea maharagwe.

Mimi nilikaa nyuma ya nyumba nafuta unga. Jirani akanifuata. Nilimwuliza ni akina nani wale walioitwa. Alinitazama kama mtu anayeuliza jua linatokea wapi. "Ndugu zako," akasema. Ndipo akanieleza lile ambalo wakubwa wote walilijua na sisi wadogo hatukuambiwa. Kwa watu wetu msiba haufungwi mpaka muganduke, yaani mkutane, mnywe, mruhusiane kulima na kucheza tena. Lakini huwezi kuganduka kwa mtu usiyemlilia. Nao waliondoka mbio, hawakumlilia mtu. "Huyo mama yako," akasema, "unadhani hajui kucheza ngoma? Alikuwa anashinda wote." Nilihisi hasira, na sikujua ni ya nani. Nilikuwa na ndugu, na nilikuwa nimewajua nikiwa nimefumba macho.

Asubuhi dairekta alitaka turudie. Nikamwambia aende akawaombe mwenyewe. Alikwenda mpaka mlangoni kwetu, akamwona mama, akasalimia, akarudi. Mwishowe msiba ulirudiwa Majengo na wale wa soda, na walilia vizuri tu, kwa wakati, wakinyamaza wanapoambiwa. Ndio walioingia kwenye picha. Gari la sinema lilipokuja Katumba tuliitazama wote, pale uwanja wa mpira. Mama alitazama msiba wangu mpaka mwisho, akangoja tufike nyumbani. "Wanalia kama kwaya," alisema, "wanangojana."

Picha ilipendeza. Mwaka uliofuata niliitwa Dar kwenye ile tamthilia, na ofisi ya makazi ikanipa kibali baada ya nenda-rudi nyingi. Nikacheza mjakazi mwizi, kisha dada wa bwana harusi, kisha mjane mkorofi. Mpanda palikuwa na baa moja Majengo yenye dishi, na nilipokuja likizo yule muuza nyanya aliniita kwa jina la mjane akanipa nyanya za bure. Niliporudi, na mama tuliongea habari za mvua, za mahindi, za nani amezaa. Majina yale hatukuyagusa. Niliwahi kujaribu mara moja. "Uliwasikia," akanijibu, na safari hii hakunipa ndoo, lakini pia hakuongeza neno.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini nilirudi na habari kubwa kuliko zote. Nilikuwa nimepewa kucheza mke wa tajiri, nyumba ya ghorofa, gari, mavazi, kwenye tamthilia mpya, kuanzia sehemu ya kwanza mpaka ya mwisho. Mama alikuwa anamenya muhogo uani, mchana, jua kali. Nilimweleza yote, hata rangi ya gari.

"Humo unakufa?" akauliza.

"Hapana, mama. Naishi mpaka mwisho." Nilidhani atafurahi.

Akamenya mmoja, akautupa kwenye beseni, akachukua mwingine. "Waambie wakuue," akasema.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Yule kijana alisema kata," akasema. "Alikuwepo mwingine, nilimbeba mgongoni. Huyo sikumfikia, sikumlilia."

Niliingia ndani nikatoa mkeka, nikautandika sebuleni, nikafunga mlango wa mbele. Nililala chali, nikajifunika khanga mpaka kidevuni. Nilimsikia akiweka kisu chini, akinawa mikono, akiingia taratibu na kukaa karibu na kichwa changu.

"Haya, mama," nikamwambia, nikafumba macho. "Nimekufa."